Peugeot ya Mzee, Mgongo wa Mama

Niambie ukweli, msomaji wangu. Ukisikia mtu ametumia zaidi ya shilingi milioni moja na nusu kutengeneza miguu ya gari lililozaliwa kabla yake, utamwitaje? Mke wangu alishanipa jina. Sitaliandika hapa kwa sababu jarida hili linasomwa mpaka na wakwe.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya mwaka 1978, rangi ya maziwa. Marehemu baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliinunua kwa mtu mwaka 1987, akaiendesha kati ya Musoma na kwetu Murangi mpaka macho yalipokataa. Marekani vijana wa rika letu wakisema gari la zamani lenye misuli wanamaanisha Ford Mustang au Chevrolet Camaro, injini kubwa inayonguruma mpaka jirani anafunga dirisha. Lakini magari yale mengi yalikuwa hodari kwenye mstari ulionyooka tu. Kwenye kona yalilala kama jahazi, ndiyo maana wenye nayo leo wanatumia fedha nyingi kuyabadilishia springi, shokapu na bushi. Sisi wa Mara misuli yetu ilikuwa 504. Injini yake ni lita mbili kasoro kidogo. Misuli ilikuwa miguuni.

Mzee alikuwa na hadithi yake ya kila Pasaka, maana enzi hizo mbio za Safari zilifanyika Pasaka. Alitusimulia jinsi Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania, alivyoshinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404. Halafu 504 yenyewe ikashinda mwaka 1975 mikononi mwa Msweden Ove Andersson. Akimaliza hapo alikuwa anapiga boneti kwa kiganja, taratibu, kama anayempongeza mtoto.

Mzee alifariki mwaka 2019. Gari likakaa chini ya mwembe miaka mitatu. Kuku wakalizoea, mmoja akawa anatagia kwenye kiti cha nyuma.

Kisha Mama akateleza kwenye mawe ya ufukweni, akaumia mgongo. Akatakiwa kwenda Musoma kila baada ya wiki mbili kwa mazoezi ya viungo. Bodaboda hataki hata kuisikia. Hiace anapanda, lakini akishuka anakaa siku mbili hajainuka vizuri. Nikamwambia kwa simu kwamba nitamtafutia gari la kukodi. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Gari ya baba yenu si hiyo hapo mnaifugia kuku?"

Sentensi moja tu. Mimi nikaelewa, na pochi yangu ikaelewa.

Mwanza mpaka Makutano

Sisi tunaishi Mwanza. Nikalipakia gari kwenye lori, likaja kufufuliwa. Injini haikusumbua sana. Kazi ilikuwa chini. Nikaenda kwenye gereji moja, vijana wachangamfu, muziki juu, na wakanishauri kwa sauti ya watu wasio na shaka: barabara ya kwenu mbaya, weka springi ngumu. Wakafunga springi nene za gari jingine, wakainua gari kama inchi mbili, wakaweka bushi za plastiki ngumu badala ya mpira, wakajaza upepo matairi mpaka yakalia kama ngoma. Likasimama juu, limetuna kifua. Nikapiga picha.

Mke wangu, binti wa Tanga ambaye kila kitu anakilinganisha na bahari, alilitazama akasema, "Mbona kama limesimamia vidole?" Halafu akasema neno la pili ambalo wakati huo nililiona dogo: "Springi za zamani usitupe. Kitu cha marehemu hakitupwi hivi hivi." Nikazitupia kwenye buti kumridhisha.

Tukaondoka Mwanza mwezi Desemba, alfajiri. Kama hujawahi kupita njia hii na mtu umpendaye, panga. Unapita Magu, unafika Lamadi, halafu Serengeti inakusogelea mpaka kando ya lami pale geti la Ndabaka. Nyani wanakaa pembeni kama askari wa usalama barabarani wasio na sare, wanakukagua tu. Bunda unapata chai, unaendelea, na mawe ya Mara yanaanza kujitokeza, makubwa kama nyumba, yamepangana juu kwa juu bila saruji. Makutano unaweza kukata kuelekea Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na anakopumzika tangu Oktoba 1999. Tulikata. Tukakaa nusu saa kwa heshima, tukarudi njiani.

Kwenye lami gari lilikuwa kimya na tamu. Nikamwambia mke wangu, "Unaona?" Akasema, "Naona lami."

Kona ya Suguti

Barabara ya Musoma kwenda Makojo mpaka Busekera ina urefu wa kilomita 92, nayo ndiyo uti wa mgongo wa Majita. Lami inakuja kwa vipande. Palipobaki na vumbi, pamejikunja kama bati la mgongo mkubwa. Ukitaka kujua kwa nini, ni magurudumu yenyewe yanayofanya kazi hiyo: gari la kwanza linadunda kwenye kinundu, linaanguka mbele yake kidogo na kusukuma udongo, la pili linadunda pale pale, na baada ya mwezi unao mgongo wa bati kilomita nzima.

Hapo ndipo Peugeot yangu ilipoanza kusema ukweli. Meno yaligongana. Kioo cha pembeni kilitetemeka mpaka dunia ya nyuma ikawa ukungu. Mke wangu alishika dashibodi kwa mikono miwili. Karibu na Suguti kuna kona ya kushoto, si kali, Mzee alikuwa anaipita huku anavuta redio. Niliingia kwa mwendo wa kawaida tu. Mkia ukahama. Nikakata stelingi, haikujibu. Nikagusa breki, kama sikugusa. Tulikwenda ubavu, mfereji unatusogelea, mpaka gurudumu moja likapata mchanga na gari likasimama likiwa limegeuka kutazama tulikotoka.

Kimya. Vumbi likatupita likaenda zake.

Mtoto mmoja mwenye mbuzi watatu alituangalia, akasema, "Shikamooni." Tukaitikia wote wawili kwa pamoja, sauti nyembamba.

Murangi ilitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Ziwa likiwa limetulia, dagaa wameanikwa wanang'aa kama sarafu, ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha mezani kabla hatujanawa. Usiku mke wangu alitoka nje akaona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga majini. "Kumbe na nyie mna mji baharini," akasema. Nikamwambia ni ziwa. Akasema, "Najua, halina chumvi. Lakini limenisamehe safari."

Kesho yake tukampeleka Mama Musoma. Alikaa nyuma, amevaa kanga yake mpya, amenyooka kama bibi harusi. Njia nzima hakulalamika. Hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu Mama ni mtu wa maneno. Nilimtazama kwenye kioo: macho amefumba, mkono mmoja ameshika mlango, midomo imekaza. Alipomaliza mazoezi yake alitoka taratibu, akanishika bega, akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, asante. Mimi nitarudi na hiace."

Wewe ungejisikiaje?

Jioni ile, gesti Musoma, mke wangu aliniuliza swali alilolibeba tangu Mwanza. "Hii kazi imekula shilingi ngapi?" Nikasema laki nne, kama nilivyosema mwanzo. Hakupandisha sauti. Akanisogezea simu yangu mwenyewe, ujumbe wa malipo uko wazi, na mwingine, na mwingine. Milioni moja na laki moja. Fedha za msingi wa nyumba yetu ya Usagara.

"Sina ugomvi na gari," akasema. "Lile gari ni la baba yako, na aliyekaa nyuma ni mama yangu pia. Ungeniambia milioni, tungegombana siku moja yakaisha. Sasa umenipa kazi ya kuhesabu kila neno lako."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefanya nyumbani kile kile nilichofanya kwenye gari: nimekaza kila kitu ili lionekane imara.

Chini ya mti, Musoma

Asubuhi tulielekezwa kwa fundi mmoja mzee, gereji yake ni kivuli cha mti, jeki mbili na sanduku la spana. Alikuwa ametengeneza Peugeot tangu zilipokuwa magari ya maofisa. Hakufungua boneti. Aliweka viganja juu ya kona ya mbele, akakandamiza kwa uzito wake wote, akaachia. Gari lilipanda, likashuka, likapanda, likashuka tena. Akazunguka nyuma, akainama, akaangalia magurudumu muda mrefu.

"Hili gari limevaa viatu vya jirani," akasema.

Kisha akatueleza, na alikuwa anamtazama mke wangu zaidi kuliko mimi, pengine kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anasikiliza. Nakupa kama alivyotupa.

Springi kazi yake ni kubeba na kukunjuka. Shokapu kazi yake ni kutuliza. Ndani yake kuna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo, na kule kusukumana ndiko kunakogeuza mdundo kuwa joto. Shokapu ikifa, springi inaendelea kucheza peke yake. Ukiweka springi ngumu juu ya shokapu iliyokufa, umempa mlevi baiskeli: kila kinundu kinairusha tairi hewani. Tairi ikiwa hewani haina breki, haina stelingi, haina chochote. Ndiyo maana kona ya Suguti haikutusikiliza.

Nyuma ndiko kulikuwa na kosa kubwa zaidi. Kwenye 504 ya saluni kama hii kila gurudumu la nyuma limebebwa na mkono wake, halikufungwa kwenye ekseli moja ngumu. Mkono ukipanda na kushuka, gurudumu linabadilisha pembe. Likibeba mzigo, linainama kwa juu kuelekea ndani, na hapo linashika ardhi vizuri. Hata wewe huenda umewahi kuziona 504 za saluni zimekaa hivyo. Lakini ukiliinua gari kwa springi ndefu, magurudumu yanafunguka kwa juu kuelekea nje, tairi inasimamia ukingo, na mkia unakuwa mwepesi kuhama. "Mama mkwe amekaa nyuma," fundi akamwambia mke wangu, "na nyuma ndiko kumeharibiwa."

Bushi za plastiki nazo zina kazi yake, lakini ni kwenye lami laini na kwa mtu anayetaka kushindana. Barabara ya vumbi inataka mpira, kwa sababu mpira unameza mtetemo kabla haujafika kwenye kiti. Upepo wa tairi akaupunguza kurudi kwenye kipimo cha gari lenyewe.

"Springi zake mlizitupa?" akauliza.

Mke wangu hakusema kitu. Alikwenda kwenye buti, akafungua.

Fundi alizisimamisha nne zote juu ya ubao, akapima urefu kwa futi, akazipitisha kidole kutafuta ufa. Mbili za mbele sawa kwa sawa, mbili za nyuma sawa kwa sawa, hakuna iliyopasuka. Akacheka. Kumbe kitu tulichokihitaji tulikibeba muda wote.

Kazi ilichukua siku nne, kwa sababu shokapu zilibidi zije na basi kutoka Dar es Salaam. Tulichagua za mafuta na gesi zilizotengenezwa kwa ajili ya barabara mbovu, zote nne, maana hubadilishi moja ukaacha mwenzake. Tukaweka bushi mpya za mpira kwenye mikono ya nyuma na kwenye stabilaiza ya mbele, ule mtaimbo unaozuia gari lisilale kwenye kona. Boljointi mbili zilikuwa zimelegea, zikaondoka. Springi za mbele fundi hakuzigusa mpaka alipoazima kifaa cha kuzibana, kwa sababu springi iliyobanwa ikichomoka inaua. Mwisho akafanya alaimenti kwa uzi: alivuta uzi kutoka gurudumu la nyuma mpaka la mbele, kila upande, akapima kwa rula, akakaza tairodi kidogo kidogo. Hakuna kompyuta.

Gharama, laki nne na elfu themanini. Najua kwa sababu mke wangu aliiandika kwenye daftari dogo lenye jalada jekundu, spea moja moja, mbele ya fundi. "Kuanzia leo wewe shika spana," akaniambia, "mimi nashika kalamu."

Kama na wewe una gari la zamani ndani, mfano wa Corolla ya mjomba au Land Rover ya babu, chukua haya bila malipo. Kandamiza kila kona uachie. Likidunda zaidi ya mara moja na kitu, shokapu imechoka. Tazama tairi, ikila ukingo mmoja, alaimenti au bushi zina neno. Anza na vilivyochakaa kabla ya kununua vigumu. Na ukibadilisha kitu chochote cha chini, usiondoke bila alaimenti. Gari linaloitwa baya mara nyingi ni gari lililochoka tu.

Mayai thelathini

Siku ya tano Mama alikuja Musoma kwa hiace, mazoezi tena. Alipotoka alitukuta tunamsubiri. Akalitazama gari. Lilikuwa limeshuka, limekaa chini kama zamani. Hakusema ndiyo wala hapana. Alivuka barabara, akanunua trei ya mayai, mayai thelathini, akaingia nyuma akaiweka mapajani.

"Twendeni," akasema. "Haya mayai ndiyo yatasema."

Nikazunguka kwenda upande wa dereva. Mke wangu alishafika. Amenyoosha mkono, anataka ufunguo.

Sijui kama umewahi kukaa kiti cha abiria kwenye gari la marehemu baba yako. Nilikuwa sijakaa hapo tangu nikiwa mdogo. Vumbi lilipoanza nilijikaza, nikisubiri meno yagongane. Mgongo wa bati ulikuwepo, niliusikia chini, lakini ulikuwa unapita chini ya sakafu kama mtu anayepiga ngoma nyumba ya pili. Gari lilikuwa linashuka kwenye shimo, linapanda mara moja, basi, limetulia. Mke wangu alikuwa ametulia vile vile. Upande mmoja ziwa linatokea na kupotea nyuma ya mawe. Upande wa pili muhogo, mtama, mama mmoja ameanika nguo juu ya jiwe zima.

Suguti ikaja. Aliiona kona kabla yangu. Akapunguza mwendo kabla ya kuingia, wala si ndani, akashusha gia, akageuza stelingi taratibu. Gari liliinama kidogo, likashika, likapita. Mahali mfereji ulipotusubiri wiki ile, safari hii alikuwepo yule mtoto na mbuzi wake. Akatupungia. Mke wangu akampigia honi.

Nikasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe kwa zile hesabu."

Akasema, "Tazama mbele, usinisumbue, naendesha." Lakini alikuwa anatabasamu, na jioni ile tulikaa kwenye mawe ya ufukweni mpaka taa za dagaa zikawaka, tukayamaliza yote, msingi wa Usagara, tarehe, kiasi, na nani anamwambia nani kabla ya kutoa fedha. Haikuwa raha. Lakini hakuna aliyenyamaza.

Tulipofika nyumbani Mama alishuka mwenyewe. Hakushikwa. Akaifungua ile trei mezani, akageuza yai moja moja kama karani wa benki. Moja lilikuwa na ufa. Akalikaanga hapo hapo, akalipeleka kwa mke wangu kwenye sahani ya wageni.

"Mkamwana," akasema, "wiki mbili zijazo utakuja tena wewe. Huyu mwanangu anaweza kubaki na mbuzi."

Ukipanga kwenda

Nenda miezi ya kiangazi, Juni mpaka Agosti, barabara inapokuwa kavu. Mwanza mpaka Musoma ni safari ya nusu siku ukiwa huna haraka, lakini acha siku nzima ili Bunda unywe chai na Butiama utulie. Musoma jaza mafuta, pima upepo wa tairi, halafu ndipo ushike njia ya Majita. Kwenye mgongo wa bati usikimbie kwa kudanganywa kwamba ukienda kasi hausikii. Ni kweli husikii, kwa sababu tairi zako zinagusa ardhi sehemu tu ya muda. Ukifika Murangi salimia watu, kula samaki wa siku hiyo, kaa kwenye mawe mpaka giza.

Na ukiona Peugeot nyeupe ya zamani inakuja mbele yako, dereva ni mwanamke, nyuma amekaa mama aliyenyooka na kanga yake, mpishe njia. Mimi nimebaki na mbuzi.